Fundi wa Hewa na Saa ya Mkono wa Kulia

Nyie wajukuu zangu, na nyie wengine mtakaolishika daftari hili mie nikiwa sipo, kaeni chini ndipo msome. Msisome mmesimama kama watu wanaosubiri kuitwa. Nataka kuwaeleza habari za mtu ambaye mmesikia akitukanwa ndani ya nyumba hii, na aliyemtukana ni mie. Jina lake sitaliandika. Pale Kunduchi wote tulimwita Fundi wa Hewa. Kazi yake ilikuwa kujaza hewa kwenye mitungi ya wazamiaji wa hoteli ya ufukweni, na mwanangu wa kwanza, Shabani, baba yenu, alikuwa mmoja wa wazamiaji wale. Nyie baba yenu mmemkuta juu ya mkeka, miguu imekufa. Kwa hiyo someni.

Alizaliwa wapi na baba yake nani, hayo siyajui na sikuwahi kumuuliza. Alipanga chumba ukuta kwa ukuta na chetu, miaka mingi. Ukuta wa udongo hauna siri. Nilijua akikohoa, nilijua akisali, nilijua siku aliyolala na njaa maana siku hiyo alikuwa anaimba.

Watu walidhani kujaza hewa ni kazi ya mjinga. Mashine inanguruma, mpira unaingia kwenye mtungi, basi. Yeye kila mtungi ukijaa aliufungua kidogo, akavuta pumzi moja, akaizungusha mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi, halafu akatema mate pembeni. Akipata ladha ya mafuta ya mashine, mtungi wote unamwagwa, anaanza upya, hata kama wageni wamekwisha kuvaa wanangoja kwenye boti. Wageni walikasirika. Yeye aliwapa mgongo.

Alikuwa na ugomvi wa kudumu na mpishi wa hoteli, kwa sababu bomba la mashine linalovuta hewa lilikuwa upande wa jikoni.

"We Fundi, samaki wangu kakukosea nini?" mpishi alikuwa akipiga kelele dirishani.

"Hajanikosea. Akae baharini au akae sahanini. Asikae kwenye mapafu ya watu."

Mwisho alilifunga bomba lile juu ya mlingoti, na kila upepo ukigeuka anapanda kuligeuza. Shabani alinisimulia kwamba kabla ya mlingoti ule walikuwa wakizama huku wananusa changu wa kukaanga, wakitoka majini wana njaa ya kufa mtu.

Na mtu huyo, nyie, alikuwa hajui kuogelea. Hakuwahi kutia kichwa chake baharini. Alikoga kwa ndoo, ndani, mlango umefungwa. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

"Fundi wa hewa anaogopa maji!"

"Anayepika nguruwe humo ndani ni Muislamu," aliwajibu, "mbona yeye hamumcheki?"

Wakanyamaza, maana mpishi alikuwa amesimama palepale.

Alikuwa mkali kwa hewa ya watu, lakini kwa mambo yake mwenyewe alikuwa kama mtoto. Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipomwagika barabarani, alinunua redio kwa mchuuzi, ikiwa bado ndani ya boksi lake, imefungwa vizuri na picha yake juu. Kufika nyumbani anafungua, kumbe tofali. Nilisikia ukimya ule kwenye ukuta nikajua kuna jambo. Nikaenda kuchungulia.

"Fundi, leo hukuonja?"

"Lilikuwa na uzito wake," akasema.

Boksi hakulitupa. Aliliweka juu ya kabati na tofali lake ndani, likakaa pale miaka.

Sasa niwaeleze jambo la mkono wa kulia, maana ndilo lililoniua. Fundi alikuwa mtu wa dini kwa namna yake. Kila kitu cha kuaminiwa kilikwenda kulia. Mtungi alimkabidhi mtu kwa mkono wa kulia, akasema bismillahi, na aliyepokea kwa kushoto alirudishwa apokee tena, awe Mzungu awe nani. Saa yake ya mkononi aliivaa kulia. Mtu akimuuliza alisema, "Kushoto ni mkono wa kopo la chooni. Utampaje huo akutunzie roho?" Nasi tuliona ni maneno ya maana. Mie mwenyewe niliwafundisha wanangu hivyo.

Na alikuwa na neno lake jingine. Alisema hewa haina rangi, kwa hiyo inahitaji shahidi. Shahidi wake ilikuwa geji. Zamani kila mtungi ulikuwa na geji, kitu cha duara kama saa ya ukutani iliyopungua, kinaning'inia kwenye mpira mrefu unaotoka kichwani mwa mtungi. Mzamiaji akitaka kujua hewa yake imebaki kiasi gani, anavuta ule mpira, anatazama mshale. Mtungi uliojaa unasoma mia mbili. Ukifika hamsini unatakiwa uwe safarini kwenda juu. Fundi alizifuta geji zile kila jioni kwa kitambaa na maji matamu, moja moja, kama mtu anayeosha uso wa mgonjwa.

Halafu hoteli ikauzwa. Ilikuwa ya serikali, akapewa mwekezaji. Nusu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Mie nilikuwa nauza chai na vitumbua nje ya geti la nyuma, nikawaona wakitoka mmoja mmoja na bahasha. Wengine walikaa kwenye benchi langu wakanunua kitumbua, wakakiuma mara moja, wakakirudisha kwenye sahani. Waliobaki kazini walitembea kwa kunyata. Shabani alibaki, Fundi alibaki.

Meneja mpya alikuja na saa za kuzamia. Kubwa, nene kama kifuniko cha chupa ya chai, zina kioo chenye namba. Hazikuwa na mpira. Kulikuwa na kidude cheusi, kama kidole gumba, kinakazwa kichwani mwa mtungi upande wa kushoto, pale ulipokuwa mpira wa geji. Kidude kile kinapima hewa, kinairushia saa habari kupitia majini, na saa inaandika namba. Shabani alinieleza hivyo nami nikamwambia ni uchawi wa kizungu. Akacheka, akasema ni redio ndogo tu, mama.

Mitungi ikavuliwa geji zote. Meneja alisema mipira ile inakwaruza matumbawe na wageni wanaiona ya kizamani. Fundi alikwenda kumwona. Mazungumzo yao niliyasikia kwa masikio yangu, nimepeleka chai ofisini.

"Bwana meneja, acha vyote viwili. Mtu akiwa na mashahidi wawili atapungukiwa nini?"

"Fundi, dunia imebadilika. Siku hizi hata simu hazina waya, watu wanatembea nazo mfukoni. Unashangaa nini?"

"Simu ikikatika, napiga tena. Huyu aliye chini atampigia nani?"

Meneja alicheka kwa adabu na kumwambia aende akajaze mitungi.

Fundi akajaza mitungi. Lakini alianza kuzipima saa zile kwa njia yake. Alitia mtungi kwenye pipa la maji, akavaa saa, akazamisha mkono mpaka begani, akakaa hivyo robo saa, anatazama namba. Pipani saa zilisema vizuri. Wazamiaji wakienda nazo baharini walirudi na hadithi. Inalala, inaamka. Namba inaganda, baadaye inaruka. Na ubaya wake ulikuwa huu, mshike vizuri: saa ile ikipoteza habari haikupiga kelele. Iliendelea kwanza kuonyesha namba ya mwisho iliyoipata, kama vile mambo yapo sawa, na vistari vya kukwambia kwamba haisikii kitu vilikuja vimechelewa.

Akabadilisha betri. Akafuta vidude kwa mafuta. Akaandika kwa mkaa ukutani kila siku saa ipi imelala. Akarudi kwa meneja mara tatu. Mara ya tatu alitoka, akaja akasimama mbele ya karai langu bila kununua kitu.

"Mama Shabani," akasema, "geji ni shahidi aliyefungwa kamba, hawezi kukukimbia. Hawa wa sasa wanatoa ushahidi wakiwa safarini."

Nikamwambia anizibie jua vizuri au akae. Nilikuwa na kazi.

Asubuhi ile Shabani alikwenda na wageni wawili. Alivyonieleza baadaye, walishuka kina cha minazi miwili mirefu ikipandana. Aliitazama saa, ikasema mia na kumi. Akawaonyesha wageni pweza kwenye shimo lake. Akatazama tena, mia na kumi. Akafurahi, akadhani leo anapumua vizuri, ametulia. Mmoja wa wageni alikuwa akihangaika na kioo cha uso, akamshughulikia. Alipotazama tena, vistari. Akautikisa mkono. Vistari. Na hapohapo pumzi ikawa nzito, kama kunyonya mrija ulioziba. Hakukuwa na mpira wa kuvuta atazame mshale. Aliwaashiria wageni wapande polepole na yeye akapanda kama risasi, kwa sababu hakuwa na cha kuvuta.

Wageni walitoka wazima. Shabani alitoka anatembea. Alitembea mpaka kwangu, akanywa chai, akasema mabega yanauma. Adhuhuri akasema nyayo zina ganzi. Alasiri aliniita nimshike miguu, nami nimeishika, nimeishika kwa mikono yote miwili, akaniuliza, "Mama, mbona hushiki?"

Hospitali walisema ni hewa iliyoingia kwenye damu kwa kupanda haraka. Kuna chumba cha chuma cha kumtibia mtu wa namna hiyo, wakasema, lakini hapa hakuna. Hilo ndilo neno la daktari, na sikuwahi kupewa jingine.

Siku ya nne mgeni mmoja, mama wa Kizungu aliyekuwa na saa yake mwenyewe kama zile, alikuja na kitabu chake. Akasoma, akawaeleza wote pale uani hotelini, mkalimani akiwa mpokea wageni. Habari ile ya kidude hairuki mbali majini. Kidude kikiwa kushoto mwa mtungi, saa ivaliwe kushoto. Ukiivaa kulia, mwili wako na mtungi vinakaa katikati, na saa inakuwa kiziwi kila unaponyoosha mkono. Kitabu cha hoteli kilikuwepo, kwenye mtoto wa meza wa meneja, lugha ambayo Fundi haisomi.

Aliyewafunga wazamiaji saa zile, wote, kulia, na bismillahi juu yake, alikuwa Fundi.

Meneja akageuka, akasema, "Si mnaona wenyewe." Fundi aliunyanyua mkono wake wa kulia akautazama, mbele na nyuma, kama mkono wa mtu mwingine. Akafukuzwa kazi siku hiyo. Wiki iliyofuata geji zilirudishwa kwenye mitungi yote.

Mie nilifanya yangu. Alikuwa anakula kwangu jioni, sahani yake ilikuwa ya bati yenye maua ya kijani. Niliitoa nje mbele ya majirani, nikaitupa mchangani, nikamwambia, "Umemla mwanangu kwa mkono wa kulia. Sasa ule na mbwa." Akaiokota. Akaifuta mchanga, akaiweka juu ya kizingiti changu, taratibu, akaingia chumbani kwake. Baada ya siku mbili chumba kilikuwa kitupu.

Miaka ikapita, nayo ilipita vibaya. Mama yenu alirudi kwao, simlaumu, alivumilia kuliko wengi. Vidonda vya mgongo vinafunga, vinafunguka. Nilimgeuza Shabani asubuhi, mchana na jioni, na kila nilipomgeuza nilimlaani Fundi wa Hewa. Laana ile ndiyo iliyonipa nguvu za mikono. Nawaambia ukweli.

Nikamwona tena mara moja tu. Tulikuwa tunakwenda msibani Kibamba, kina mama tumejaa kwenye lori la kukodi, tairi la nyuma likalegea. Dereva akasimama kwa mjaza upepo kando ya Barabara ya Morogoro. Nikasikia sauti chini.

"Chukua geji upime mwenyewe."

"Mzee, si useme tu imetosha? Tuna haraka na maiti."

"Sisemi. Macho unayo. Soma."

Nikashuka. Wenzangu waliniuliza naenda wapi, nikaifuata ile sauti. Alikuwa amekaa juu ya rimu, amekonda, mpira wa upepo mapajani. Alikuwa mkubwa kwangu na nilipaswa kumwamkia. Sikumwamkia.

"Marahaba, Mama Shabani," akasema hivyohivyo.

"Hujafa."

"Bado. Yupo?"

"Yupo. Unataka nikueleze anavyogeuzwa?"

"Nieleze."

Nikamweleza. Nilimweleza vidonda, nilimweleza mpira wa mkojo, nilimweleza mke aliyeondoka na watoto waliobaki. Sikupunguza. Alisikiliza bila kuinamisha kichwa, na upepo ulikuwa unavuja kwenye koki, ameusahau.

"Asubuhi ile," nikasema, "saa ulimfunga wewe?"

"Nilimfunga mimi. Kulia. Kosa ni langu, sijalikimbia, nalala nalo."

"Na ulijua inalala."

"Nilijua. Na yeye alijua."

"Ukajua, ukamwacha aende!"

Akafunga koki. "Panda lori, Mama Shabani. Wenzako wanakungoja."

"Sipandi."

Dereva akapiga honi. Fundi alimtazama, akanitazama mie.

"Nilimwambia asiende," akasema. "Nikamwambia rudi nyumbani, nitamwambia meneja tumbo linakusokota. Akasema, 'Fundi, nyumbani ndiko ninakotoka. Nimemwambia mama ile saa naiogopa. Mama kanambia hofu haiivi sufuriani, wenzangu wamepunguzwa wanaitafuta kazi hii, niende nisimtie aibu.' Ndipo nikamfunga saa. Nilikaza vizuri, ili angalau isimtoke."

Nyie wajukuu zangu, nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau. Na alipolisema tu nikaona kila kitu: asubuhi, mafuta yanachemka, Shabani amesimama upande wangu na mfuko wake begani, na mie nageuza vitumbua. Sikumtazama hata usoni. Maneno yale niliyasema nikiwa nahesabu vitumbua.

"Mbona hukusema?" nikamwambia. "Siku ile nimekutupia sahani, watu wote wapo, mbona hukusema?"

"Ulikuwa na mgonjwa wa kumgeuza. Ningekuongezea mzigo ule, ungemgeuza kwa mikono gani?"

Nilipaswa kumwomba radhi. Mdomo ulikataa. Nilipanda lori, wakanivuta kwa mikono, na nilipogeuka alikuwa ameshainama kwenye tairi la mtu mwingine. Baadaye nilituma watu mara mbili wakamtafute, wakakuta pale panauzwa saruji, na hakuna aliyejua alikokwenda. Radhi hiyo ninayo mpaka leo, sina wa kumpa.

Jioni nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa baba yenu. Nikakaa chini.

"Shabani, uliniambia unaiogopa ile saa?"

Alitazama dari. "Zamani hizo, mama."

"Mbona miaka yote hukunikumbusha?"

"Ningekukumbusha, ungefanya nini?"

Nikamgeuza, maana saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika, na kwa mara ya kwanza mikono yangu haikuwa na nguvu, nikamwita dada yenu mkubwa anisaidie. Halafu nikawaita wote waliomo ndani, wakubwa kwa wadogo, wapangaji pia, nikawasimamisha mlangoni pa chumba kile baba yenu akisikia, nikawaambia:

"Kuanzia leo, mtu wa nyumba hii akisema kazi fulani anaiogopa, asiulizwe kwa nini. Asiitwe mvivu. Aingie ndani, avue viatu, apakuliwe chakula. Na kama chakula hakipo, mkae naye na njaa."